Sufuria ya Uji na Mche wa Nta: Kufundisha Mabamba ya Dunia kwa Vitendo katika Shule za Mkoa wa Katavi

Mada iliyowasilishwa kwa walimu wa Jiografia, Mpanda



1. Utangulizi

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze mbinu shirikishi za kufundishia muundo wa dunia na mwendo wa mabamba, nikizingatia zana zinazopatikana katika mazingira ya shule zetu, kuanzia Manispaa ya Mpanda na Nsimbo hadi Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Nimefanya kama nilivyoagizwa. Ila walionialika wananifahamu, na wakati wanaandika ile barua walijua kwamba nikipewa kipaza sauti katika mada hii nitaishia kwenye sufuria ya uji.

Mtaala ulioboreshwa, ambao umeanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, unamtaka mwanafunzi atende, apime, ajadili na atoe hitimisho lake. Msimamo huo si mgeni; hata mtaala wa 2005 ulizungumzia umahiri. Kilichoongezeka ni msisitizo, na msisitizo ukiongezeka mwalimu hutafuta kitendo cha kuonyesha. Sina ugomvi na vitendo, maana ndivyo vilivyonipa kazi. Ugomvi wangu ni kwamba kitendo humfundisha mtoto kile anachokiona kwa macho, wala hakingojei maelezo ya mwalimu. Kitendo kikionyesha uongo, mtoto anaondoka na uongo huo, na hautatoka kirahisi, kwa sababu ameushuhudia.

2. Maana ya dhana

Sehemu hii naiweka kwa kuwa mada isiyo na fasili hurudishwa kwa mwandishi.

Dunia ina ganda, koti na kiini. Ganda la bara lina unene wa wastani wa kilomita 35 hadi 40. Koti linashuka mpaka kina cha karibu kilomita 2,900. Chini yake kipo kiini cha nje ambacho ni kimiminika, kisha kiini cha ndani ambacho ni kigumu. Bamba ni ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyopoa na kukakamaa. Mabamba hukutana, huachana au hupishana ubavu kwa ubavu. Alfred Wegener alitoa hoja ya kuhama kwa mabara mwaka 1912 na wenzake wakambeza. Miaka ya 1960 ushahidi wa sakafu ya bahari ukamtetea akiwa ameshafariki. Kwetu Afrika Mashariki, bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana, na kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa kipo kijibamba cha Victoria. Sisi Katavi tuko kwenye tawi la magharibi.

Yote haya yamo vitabuni, na kila aliyemo humu ndani ameshayaandika ubaoni. Tuendelee.

3. Tatizo la sufuria

Zoezi lenyewe mnalijua. Mwalimu anabandika sufuria ya uji mzito jikoni. Uji ukianza kutokota anaweka juu yake vipande vya biskuti au vya boksi. Uji unapanda katikati, unasambaa pembeni, na vipande vinaachana. Mwalimu anasema: jiko ni kiini, uji ni koti, biskuti ni mabamba. Wanafunzi wanashangilia. Picha inapigwa kwa ajili ya taarifa ya robo mwaka. Mgeni akija shuleni siku hiyo anaondoka ameridhika, kwa sababu ameona moshi, ameona wanafunzi wamesimama, na ameona zana ya gharama nafuu.

Sasa mwulize mwanafunzi yuleyule wiki mbili baadaye: chini ya miguu yetu hapa Mpanda, kilomita 100 kwenda chini, kuna nini? Atakujibu bila kusita kwamba kuna uji wa moto, au maji ya moto, au volkano iliyoyeyuka. Majibu ya namna hiyo nimeyasahihisha kwa miaka mingi, ya watahiniwa wa Kidato cha Nne na, samahani kwa kusema, ya walimu tarajali. Mwanafunzi hana kosa. Ameeleza kwa uaminifu kile alichoonyeshwa.

Koti la dunia ni mwamba mgumu. Sehemu iliyoyeyuka ni ndogo sana, na ipo mahali pachache penye sababu maalumu. Mwamba huo ni wa moto kiasi kwamba, ukikandamizwa kwa mamilioni ya miaka, unatambaa pole pole kwa kasi ya sentimita chache kwa mwaka, huku ukibaki mgumu. Wazo kwamba kitu kinaweza kuwa kigumu na bado kikatiririka ndilo kiini cha mada nzima, na sufuria ya uji inalifuta kabisa, kwa sababu ndani ya sufuria hakuna kigumu kinachotiririka. Kuna kimiminika tu.

Wapo wanaoniambia, "Mzee, hayo ni mambo ya chuo kikuu, mtoto wa Kidato cha Tatu anatosheka na uji." Nimelisikia hilo katika vikao vingi, safari nyingine kutoka kwa watu wenye mamlaka ya kunikalisha. Naomba nilijibu kwa mifano ya hapahapa.

Mfano wa kwanza ni chemchemi ya Majimoto, kule Mpimbwe. Mtoto aliyelelewa kwa uji ataamini kwamba chemchemi ile imechemshwa na koti lililoyeyuka, kwa hiyo ipo siku volkano italipuka kijijini kwao. Ukweli ni kwamba Katavi hatuna volkano. Rungwe iko mbali, Mbeya. Maji ya mvua yanashuka kwenye nyufa ndefu za Bonde la Ufa. Joto la mwamba huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita unayoshuka, kwa hiyo maji yakifika kina cha kutosha yanapata moto na kurudi juu kwa ufa mwingine. Hakuna mwamba ulioyeyuka unaohitajika katika maelezo hayo. Mtoto akilielewa hili ataishi na chemchemi yake bila hofu, na siku akisikia wataalamu wa jotoardhi au wa heliamu wamefika bonde la Rukwa atajua wanatafuta nini. Heliamu hiyo, iliyotangazwa kwa kishindo mwaka 2016, inatokana na kuoza kwa urani na thori ndani ya miamba mikongwe. Inapanda kwa njia hizohizo za nyufa.

Mfano wa pili ni matetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ile. Tarehe 5 Desemba 2005 likatokea la 6.8 katika Ziwa Tanganyika, lililotikisa mpaka Nairobi. Wazazi wa wanafunzi wetu wengi wanalikumbuka. Tetemeko ni kuvunjika na kuteleza kwa kitu kigumu. Katika tawi letu la magharibi matetemeko hupimwa hata chini kabisa ya ganda, na kwenye kingo ambako bamba moja linazama chini ya jingine hutokea hadi kina cha karibu kilomita 700, ndani ya koti. Uji hauvunjiki. Mwalimu aliyefundisha uji Jumatatu anafundisha tetemeko Alhamisi, na hakuna darasani anayeuliza masomo hayo mawili yanapatanaje. Hilo la kutouliza ndilo linaloniumiza zaidi.

Sisemi sufuria ipigwe marufuku. Inafaa kuonyesha kwamba kitu chenye joto hupanda na kilichopoa hushuka. Lakini isiwe zoezi la kwanza, na isiwe la pekee.

3.1 Mche wa nta

Nchi yetu hii ni ya nyuki. Inyonga na vijiji vya Mlele wanatoa asali inayojulikana nchi nzima, na asali haikosi nta. Nta safi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za sentigredi. Chini ya hapo ni ngumu. Ila asubuhi ya baridi ukiigonga inakatika kwa kingo kali, na mchana wa joto ukiiwekea uzito inapinda pole pole bila kutoa hata tone. Sijapata zana nyingine, ya kununua wala ya kupewa na mradi, inayoeleza koti la dunia vizuri kuliko hii.

Utaratibu ni huu. Mwalimu, siyo mwanafunzi, ayeyushe nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji. Kopo lisikae moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu mvuke wa nta hushika moto. Aimimine katika vibati vilivyokunjwa kuwa mifereji, apate michemraba mirefu kama miche ya sabuni iliyokonda, urefu wa rula moja na unene wa kidole gumba. Kila kundi lipate miwili.

Mche wa kwanza uvunjwe kipindi cha kwanza cha asubuhi. Wanafunzi wauone mkatiko, wauchore, waandike: kigumu, kinavunjika. Mche wa pili ulazwe juu ya matofali mawili, katikati uwekwe jiwe la ukubwa wa ngumi, na mzigo wote ukae karibu na dirisha la upande wa jua la mchana. Kabla ya kuuacha, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake anachotabiri na sababu yake. Hatua hii walimu wengi huiruka ili kuokoa muda, na ukiiruka umebakiwa na maonyesho. Mtoto ambaye hakutabiri hana cha kushangaa.

Kila siku mtu mmoja kutoka kila kundi apime kwa rula mche umeshuka milimita ngapi chini ya mstari wa awali, aandike na halijoto kama shule ina kipimajoto. Baada ya siku kadhaa mche umepinda. Wanafunzi waushike: ni mkavu, hakuna tone juu ya tofali. Kisha, asubuhi yenye ubaridi, mche uleule uliopinda ugongwe ukingoni mwa meza. Unavunjika. Hapo mwalimu anyamaze kidogo. Nimeona madarasa yakibishana nusu saa nzima juu ya mche uliovunjika: kama ulitiririka, mbona umevunjika? Kama ni mgumu, mbona ulipinda? Wakifika hapo wamefika mahali ambapo wanasayansi wenyewe walikwama, na wataelewa kwa nini Wegener alikataliwa: hakuwa na jibu la swali hilo.

Aliyekaribia jibu ni Arthur Holmes, Mwingereza ambaye mwaka 1911, akiwa kijana, alikuwa jirani yetu Msumbiji akitafuta madini na kuumwa malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipendekeza kwamba mwamba wa koti, pamoja na ugumu wake, unazunguka kwa joto pole pole na kubeba mabara. Wanafunzi hupenda kusikia kwamba aliyetoa wazo hilo alianza kazi upande huu wa dunia.

Kuna majaribio ya namna hii yaliyoachwa yaendelee kwa vizazi. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kina lami katika faneli iliyofunguliwa mwaka 1930. Hadi 2014 yalikuwa yameanguka matone tisa. Lami hiyo ukiipiga nyundo inapasuka. Nalitaja kwa ajili ya walimu ambao wakuu wao wa shule watauliza nta inafanya nini dirishani kwa wiki tatu.

Nta nayo ina mahali inapodanganya, na lazima isemwe. Haizunguki kwa joto. Inapinda kwa siku, wakati koti linahitaji mamilioni ya miaka. Haina mgandamizo wa mamia ya kilomita za mwamba juu yake. Kwa hiyo katika daftari la mazoezi nawaomba muwe na safu ya mwisho yenye kichwa kimoja tu: "Mfano huu unadanganya wapi?" Sufuria ya uji ipitishwe kwenye safu hiyo hiyo. Kundi likiandika lenyewe kwamba "uji ni kimiminika lakini koti ni gumu", sufuria imeshakuwa zana nzuri na mimi sitakuwa na neno.

3.2 Ushahidi: mstari wa wanafunzi

Mwanafunzi mwerevu atauliza: nani alishuka akaona kwamba koti ni gumu? Hakuna aliyeshuka. Tumejua kwa mawimbi ya matetemeko, na zoezi lake halihitaji hata senti.

Simamisha wanafunzi 20 kwa mstari, kila mmoja ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Wa nyuma asukume taratibu. Msukumo unasafiri hadi mbele. Hilo ni wimbi la msukumo. Kisha wa nyuma ayumbe kushoto na kulia. Myumbo nao unafika, kwa kuchelewa, kwa sababu wameshikana. Hilo ni wimbi la myumbo. Sasa waambie sita wa katikati washushe mikono na wabaki wamesogeleana: wamekuwa kimiminika. Msukumo bado utapita kwa kugusana. Myumbo utafia hapo. Darasa la wanafunzi 80 hutoa mistari minne, na uwanja upo.

Baada ya hapo wape matokeo halisi. Mawimbi ya myumbo hupita ndani ya koti na kupokelewa na vipima tetemeko duniani kote mpaka umbali wa nyuzi 103 hivi kutoka kitovu, kisha hayapokelewi tena. Maana yake koti wameshikana mikono, na kiini cha nje wameshusha. Richard Oldham alitambua kiini mwaka 1906, Harold Jeffreys akaonyesha mwaka 1926 kwamba ni kimiminika, na mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark akagundua kwamba ndani yake kipo kiini kingine. Majina hayo si ya kukaririwa. Yanamwonyesha mtoto kwamba ujuzi huu ulijengwa na watu kwa hatua.

Nashauri majadiliano ya zoezi hili yafanyike kwa Kiswahili kwanza, hata kama maelezo ya mwisho yataandikwa kwa lugha ya mtihani. Najua taratibu zinasemaje. Najua pia nani huongea darasani mjadala unapoanza kwa Kiingereza, na nani hunyamaza.

4. Ardhi ya Katavi kama maabara

Nitapita haraka hapa, ingawa kila aya ingestahili semina yake.

Sanduku la mchanga. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na sakafu, chini yake weka karatasi mbili za manila zinazokutana katikati, jaza mchanga mkavu kwa matabaka ukitenganisha kwa majivu. Vuta karatasi pande mbili pole pole. Bonde linafunguka katikati, kuta zake zina mteremko mkali, na mistari ya majivu imekatika na kushuka. Mtoto wa Karema aliyezoea kuteremka kwenda ziwani, au aliyewahi kuuona ukuta wa Lyamba lya Mfipa, hahitaji maelezo marefu. Rudia zoezi ukiwa umeweka karatasi zikutane kwa mshazari. Bonde litafuata mshazari huo. Ndivyo lilivyofanya bonde la Rukwa: limefuata mwelekeo wa ukanda wa Ubende, unaokwenda kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, kovu la kingo za mabamba zilizogongana takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Katika ukanda huo, jina lake likiwa la kwetu kabisa, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameeleza miamba ya eklojaiti yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, mabaki ya sakafu ya bahari iliyozamishwa chini ya bara. Ni miongoni mwa ushahidi mkongwe zaidi duniani wa bamba kuzama. Vitabu vyetu vinatoa mfano wa Himalaya.

Mchoro wa mkato. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kina chake kinafika mita 1,470. Wanafunzi watoe wenyewe, wapate kwamba sakafu ya ziwa iko mita 700 chini ya usawa wa bahari. Kisha wachore Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni mita chache tu, na waulizwe bonde lipi limeshuka. Wataharakisha kusema Tanganyika. Waambie kwamba chini ya maji ya Rukwa kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Mwaka 1987 kampuni ya mafuta ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, Ivuna na Galula. Mabonde yote mawili yameshuka sana, na udongo wa vilima umelifukia moja kiasi cha kulidanganya jicho.

Hesabu. Kuta za tawi letu zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Tukichukua milimita 3 kwa mfano, tangu tetemeko la 1910 hadi leo zimeachana karibu sentimita 35, rula na kipande. Kilomita moja ingehitaji zaidi ya miaka 330,000. Mwalimu wa Hisabati aalikwe.

5. Kuhusu machimbo

Mji huu wa Mpanda umekuwa mji wa madini tangu zamani. Reli ya kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950, ililetwa na madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wametuzunguka, na kila darasa lina mtoto ambaye kaka yake anafanya kazi kwenye duara (shimo la kuchimbia) au karasha (mashine ya kusaga mawe). Watoto hao wanaujua mwamba kwa rangi na kwa uzito kuliko mwalimu wao. Ujuzi huo uingie darasani: mwanafunzi aeleze wachimbaji wanafuataje mkanda wa mawe meupe, na mwalimu aeleze kwamba mawe hayo ni kwazi iliyojaza ufa wa kale.

Lakini wanafunzi wasipelekwe mashimoni. Na mawe yasiokotwe kwenye mialo ya kuoshea dhahabu wala kwenye marudio (mabaki ya uoshaji), kwa sababu ya zebaki. Naliweka hili kwa maandishi ili kesho mtu asiseme semina ilimruhusu.

6. Mapendekezo

6.1 Zoezi la sufuria ya uji lisitumike peke yake. Likitumika, litanguliwe na mche wa nta.

6.2 Kila zoezi la mfano liwe na safu ya "unadanganya wapi" katika daftari la mwanafunzi. Naomba hili likubaliwe hata kama mengine yote yatakataliwa.

6.3 Utabiri uandikwe kabla ya zoezi. Andalio la somo lionyeshe dakika zake.

6.4 Wanaofuatilia ubora wa ufundishaji wamhoji mwanafunzi, hasa wa dawati la nyuma, wasitosheke na kuona zana. Swali moja linatosha: koti la dunia ni gumu au ni kimiminika, na umejuaje? Najua fomu haina nafasi ya swali hilo. Pembezoni mwa karatasi nafasi ipo.

6.5 Shule ziandike barua rasmi kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, kuulizia ramani ya jiolojia ya eneo la Mpanda. Ramani moja inaweza kuzungushwa kati ya shule kadhaa, mradi ajulikane nani anaitunza. Hapa uzoefu hauturuhusu kuwa na matumaini makubwa, ila barua haigharimu sana.

6.6 Shule ianzishe kabati la mawe ya wilaya yake, kila jiwe na mahali lilipookotwa: kandokando ya barabara, mitoni, kwenye machimbo ya kokoto kwa idhini ya mwenyewe. Hifadhini mawe hayaokotwi. Kwenye tuta la reli pia hapana, hata kama kokoto zake zinavutia.

6.7 Mwanafunzi awahoji wazee wa kijiji kuhusu tetemeko la 2005: walikuwa wapi, nini kilianguka, walikimbilia wapi. Majibu yawekwe kwenye ramani ya kata. Zoezi hili liambatane na mafunzo ya usalama. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, ambalo lilikuwa la 5.9 tu, liliharibu vibaya majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato.

6.8 Safari ya mafunzo isiwe sharti la kufundisha mada hii. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016 mchango wa lazima hauruhusiwi, na ruzuku haitoshi kukodi basi mpaka Karema. Mlima ulio karibu na shule unatosha kwa kuanzia.

6.9 Waandishi wa vitabu vya ziada waache kuchora koti kwa rangi nyekundu yenye viputo. Nimeziandikia sehemu husika kuhusu hili zaidi ya mara moja. Naliandika tena.

6.10 Kama ilivyoelezwa katika 6.1, sufuria isitumike peke yake.

6.11 Mada hii ikiangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati wa mvua, nta itapinda kwa kuchelewa sana. Mwalimu auweke mche dirishani mwezi Oktoba kwa kuwatumia wanafunzi wa kidato kinachotangulia, vipimo viandikwe na kutunzwa, visomwe mada itakapofikiwa. Nta inunuliwe katikati ya mwaka baada ya msimu mkubwa wa asali, moja kwa moja kwa wafugaji, na iingizwe kwenye makisio ya idara pamoja na mbao za sanduku, manila na rula. Stakabadhi iandikwe "zana za kufundishia", kwa sababu ikiandikwa "nta" mhasibu atairudisha.